Naibu chifu ameomba orodha yetu ya wakimbizi. Tumpe?

"Habari mwalimu. Sisi ni vijana wanane hapa Kisumu, wengi wetu wa Nyalenda na Manyatta. Tulianza 2023 kwa kuwasaidia majirani zetu waliotoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini: kuwaelekeza hospitali, kuwatafutia watoto shule, kuwaonyesha mahali pa kufuatilia vitambulisho. Baada ya maandamano ya Juni 2024 tukaanza pia kuandika visa vya vijana waliokamatwa au kupigwa. Sasa tuna jedwali la mtandaoni lenye majina 214, namba za simu, nchi, mtaa, idadi ya watoto na picha za stakabadhi. Mfadhili ameahidi Sh450,000 tukiwa na programu ya simu kabla ya Desemba. Jina tumeshachagua: 'Mkimbizi Saidia'. Mwenzetu mmoja anajua kutengeneza programu. Ila mambo mawili yametutia wasiwasi. Naibu chifu ameomba orodha yote, anasema anataka kuwajua watu wake. Na mama mmoja Mrundi ametuomba tumfute, nasi hatujui tumfute vipi, wala kama inafaa. Je, kazi yetu ni halali? Na tuanze na programu ya aina gani?"

Ndugu zangu, barua yenu nimeisoma mara mbili. Swali la programu mmeliweka mwisho, na hapo ndipo mahali pake, maana kati ya yote mliyoandika ndilo dogo. Kubwa ni lile jedwali. Mnauliza mjenge nini, kumbe mmeshajenga: majina 214, kila moja na simu yake, nchi yake, mtaa wake na picha ya karatasi yake. Naibu chifu ameshaona faida yake. Mama Mrundi ameshaona hatari yake. Waliobaki kuliona kama daftari la kikundi tu ni ninyi.

Nianze na lenye haraka. Orodha msimpe.

Sisemi naibu chifu ana nia mbaya. Huenda anataka kujua ni watoto wangapi watahitaji madawati Januari, au ameulizwa na mkubwa wake naye anatafuta njia ya mkato. Lakini watu hawa hawakuwapa majina ili wajulikane na utawala. Waliwapa ili wafike hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inashika hapo hapo: taarifa iliyokusanywa kwa kazi moja haihamishwi kwa kazi nyingine isiyopatana nayo, ila kwa idhini ya mwenyewe au kwa msingi mwingine wa kisheria. Na Katiba, Kifungu cha 31, haki ya faragha inampa kila mtu. Haikusema kila raia. Wengi hupaona hapo wakapapita, hata maofisini. Isitoshe, serikali ina rejista yake ya wakimbizi, inayotunzwa na Idara ya Huduma za Wakimbizi chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Ofisi ikihitaji habari za mkimbizi ina mlango wa kubisha, na mlango huo si wenu.

Kukataa nako kuna adabu yake. Nendeni wawili, mmoja asiende peke yake. Msimjibu kwa WhatsApp. Mwambieni hivi, kwa maneno yenu: "Mzee, watu hawa walitupa majina kwa ajili ya matibabu na shule, na sheria haituruhusu kuyapeleka kwengine bila wao kukubali. Tuandikie unachotaka kujua, tutaona kama tunaweza kukupa hesabu isiyo na majina." Nimeona maombi mengi yakiishia kwenye neno "tuandikie". Akiandika kweli, barua iseme sheria anayoitegemea na kazi anayotaka kuifanya, nanyi mfikishieni wakili kabla ya kujibu. Tena mwekeeni pendekezo mezani: aitishe siku moja ofisini kwake, mtangaze ninyi, na anayetaka kujitambulisha aende kwa miguu yake.

Hesabu nazo mziangalie. Mkiandika "Nyalenda B, Warundi: 1", mmemtaja mtu huyo kama mliyemwandika jina. Makundi madogo yaunganisheni mpaka mtu apotee ndani yake.

Jambo moja la kisheria hapa lisije likawaponza. Ombi la mdomo la naibu chifu si amri. Lakini ikifika amri ya mahakama, siku hiyo msifute hata mstari mmoja. Tafuteni wakili. Kufuta baada ya amri kunaweza kuwageuza ninyi kuwa washtakiwa. Kupunguza mlichonacho ni kazi ya siku za kawaida, na siku za kawaida ndizo hizi.

Sasa yule mama. Mnauliza kama inafaa kumfuta. Inafaa, na hana haja ya kuwaeleza sababu. Alikubali, sasa amekataa. Idhini huondolewa kama ilivyotolewa. Ugumu upo kwenye namna ya kumfuta, kwa sababu jedwali la mtandaoni lina kumbukumbu ndefu kuliko mnavyodhani. Mkiufuta mstari wake leo, mtu mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kufungua historia ya matoleo kesho na kumkuta pale pale, na simu yake na watoto wake. Njia iliyo safi ni kufungua jedwali jipya, kuhamishia humo yale tu mnayoyahitaji, kisha kulifuta lile la zamani zima, na kulitoa hata kwenye pipa la taka, maana humo hukaa siku 30 kabla halijatoweka lenyewe. Halafu rudini kwenye simu zenu nane. Ile picha ya stakabadhi yake ilipigwa na simu ya nani? Imelala kwenye galari, imepanda yenyewe kwenye nakala ya mtandaoni, imetumwa kwenye kundi lenu la WhatsApp na kila mmoja wenu amepakua yake. Jedwali lilikuwa moja, picha huenda zikawa kumi na tano. Kaeni chini jioni moja, simu mezani, mzitafute moja moja. Mkimaliza mpigieni mwambieni imefanyika, na kama kuna nakala hamkuipata mwambieni hivyo pia.

Mkiwa kwenye jedwali hilo, tazameni nani ana ruhusa. Kama limewekwa "yeyote mwenye linki", basi orodha hiyo haina mlango. Kijana aliyeondoka kikundini mwaka jana bado anaisoma.

Mtaniuliza kwa nini nasumbuka hivi kwa majina ya watu ambao wenyewe hutembea mchana kweupe na kuuza sokoni. Mtu wa Nakuru wa rika langu hahitaji kuelezwa kwa nini orodha ya watu kwa asili yao inatisha. Tuliishi Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru tuliuona ukigeuka kambi. Wakati ule ule maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda, na wengine walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, wakawa wakimbizi kwa maana kamili ya neno. Lakini tuyaache yale ya panga. Hatari ya orodha kwa kawaida huja kimya, miaka baadaye, kwa mkono wa mtu asiye na ubaya wowote. Wapo Wakenya wa Kaskazini Mashariki waliojiandikisha Dadaab miaka ya njaa ili wapate chakula. Alama zao za vidole zikabaki kwenye rejista ya wakimbizi, na walipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikawaambia wao ni wageni. Aliyewaandikisha alikuwa akigawa unga.

Mashirika makubwa nayo hayajapona. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza jinsi taarifa za Warohingya, wakimbizi wa kutoka Myanmar, zilizokusanywa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, huko Bangladesh zilivyopitia kwa serikali ya nchi hiyo hadi zikafika Myanmar, kwa watawala wale wale waliokimbiwa. UNHCR ilijitetea kwamba watu waliombwa idhini. Januari 2022 seva za taarifa za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zilivamiwa, na taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na familia zao, zikawa mikononi mwa wasiojulikana. Hao wana wataalamu wa usalama wa kompyuta kwa mishahara. Ninyi mna kijana mmoja mwenye kipaji na neno la siri ambalo, nabahatisha, lina jina la kikundi na mwaka.

Wala msiseme mtaondoa majina mbaki na maelezo. Chukueni mstari kama huu: mwanamke, Burundi, Nyalenda B, watoto watano, anauza omena Jubilee. Jina halimo. Muulizeni mama yeyote wa pale sokoni, atawapeleka kwenye meza yake.

Je, kazi yenu ni halali? Kumwelekeza mtu hospitali na shuleni ni halali. Kuandika kwamba kijana alipigwa ni halali. Mkusanyiko wa data ndio unaowaingiza kwenye sheria, na hapa kuna dhana mbili nizirekebishe. Ya kwanza ni kwamba ninyi ni wadogo mno sheria haiwaoni. Kanuni za usajili za 2021 kweli zinawasamehe kujisajili wenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini zipo kazi, huduma za afya zikiwemo, ambazo hata mdogo lazima ajisajili. Na kusamehewa usajili hakukusamehi wajibu: taarifa zikivuja, mna saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Ya pili ni kwamba ukiondoa siri za ndani za mtu, mengine yote ni ya kawaida. Sheria inahesabu asili ya kijamii na kikabila, afya, na habari za familia pamoja na majina ya watoto kuwa data nyeti. Baadhi ya safu zenu zimo humo. Kazi yenye hatari kubwa kwa watu hutakiwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na ripoti yake ipelekwe kwa Kamishna siku 60 kabla. Desemba yenu hiyo, ipigieni hesabu upya.

Idhini mliyonayo nayo ina ufa. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya msaada akiulizwa "tukuandike?" atasema ndiyo, kwa sababu anaamini hapana ndiyo mwisho wa msaada. Idhini ya namna hiyo haijatolewa kwa hiari. Mwambieni kwanza kwamba atasaidiwa akiandikwa asiandikwe, ndipo mumuulize. Na mumuulize kwa lugha anayoisikia. Mtasema Wakongo wanajua Kiswahili, hivyo hamhitaji mkalimani. Kiswahili chao ni Kiswahili, lakini si hiki chetu. Mtu wa Bukavu akiandika "unapashwa kufika", anamaanisha lazima ufike. Mkisumu anasoma kwamba utapewa habari. Sasa geuzeni: kuna maneno mangapi kwenye fomu yenu ambayo yeye anayasoma kinyume? Kwa Wanuer na Wadinka wa Sudan Kusini ambao hawakusoma, fomu haisaidii kitu. Msomeeni mtu kwa sauti, na anayesoma asiwe mwanawe.

Sasa tuje kwenye programu ya simu.

Fikra kwamba teknolojia ya kiraia ni programu inatoka mahali pazuri. Sisi Wakenya tuna haki ya kujivuna kidogo: Ushahidi ilizaliwa hapa, Januari 2008, siku chache baada ya matangazo ya moja kwa moja kupigwa marufuku. Ory Okolloh aliomba mtu aweke ramani ya yanayotendeka. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaijenga kwa siku chache, watu wakawa wanatuma habari kwa ujumbe mfupi na kwa mtandao, na nukta zikatokea kwenye ramani. Baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010, na nchi nyingi. Ila muitazame ilifanya nini hasa. Ilionyesha. Ilihifadhi ushahidi, kama jina lake. Nukta kwenye ramani haikumtoa mtu kwenye nyumba inayoungua. Ndiyo maana kwenye kura ya maoni ya katiba, Agosti 2010, mradi wa Uchaguzi ulioendeshwa kwa chombo hicho hicho ulitegemea sana watu wa chini, waangalizi na mashirika waliopo vituoni, wanaoweza kuthibitisha ripoti na kuifikisha kwa anayehusika. Programu ilikuwa sehemu iliyoonekana. Kazi ilikuwa ya simu na miguu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenu ni hili: saa tano usiku, Jumamosi, mtu akibonyeza kitufe, nani anaamka? Na akiamka, anampigia nani? Kama jibu hamna, programu itakuwa kisanduku cha maoni kilichowekwa ukutani bila mtu mwenye ufunguo, na watu wataacha kukitumia baada ya wiki tatu wakiwa wamewachukia.

Pili, nani ataipakua? Mnawajua wenyewe. Wengi wana mulika mwizi, na wenye simu ya skrini wanagawana moja watu wanne, bando ni la shilingi ishirini. Programu inataka nafasi, inataka data, inataka kusasishwa kila mara, na mwenzenu atapata kazi Nairobi mwakani (namwombea aipate) na hapo itabaki yatima.

Tatu, laini. Hapa nina la kusimulia, na sijivunii. Miaka kadhaa nyuma nilishiriki kuweka huduma ya ujumbe mfupi katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya. Mtu akituma malalamiko, mashine inamjibu. Nilipenda sana lile jibu, mimi ndiye niliyeliandika: "Asante. Ripoti yako kuhusu mwenye nyumba imepokelewa na inashughulikiwa." Mama mmoja wa kutoka Kongo alituma ripoti yake saa nne asubuhi. Laini aliyotumia haikuwa yake, kwa kuwa stakabadhi zake zilikuwa hazijatoka. Ilisajiliwa kwa kitambulisho cha msimamizi wa ploti, na simu alikuwa ameiacha kwake ikichajiwa. Jibu langu liliwaka kwenye skrini mbele ya msimamizi. Jioni vyombo vya mama vilikuwa nje, sufuria juu ya godoro. Tulimtafutia chumba kwingine, lakini aliyemtoa kwenye kile cha kwanza ni sentensi yangu.

Tangu siku hiyo, mfumo wowote ninaoushauri jibu lake ni "Asante, tumepata ujumbe", basi. Na kabla ya kumpigia mtu, anaulizwa mapema: simu hii ni yako? Saa ngapi inafaa kukupigia? Akipokea mwingine tuseme nini? Maswali hayo matatu yana faida kuliko programu yoyote ninayoweza kuwatajia.

WhatsApp je? Najua mna kundi. Kila aliyemo anaziona namba za wote, hivyo mtu mmoja mbaya akiingia amepata orodha bila kumuomba naibu chifu. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa njiani, hilo ni kweli, lakini simu ikishikwa mkononi ikiwa wazi hakuna kilichofungwa. Kwa matangazo, kama siku ya chanjo au ofisi kuhama, tumieni chaneli, ambako wafuasi hawaonani. Kwa mambo ya mtu binafsi, ongeeni naye. Namba fupi zile za nyota na reli zina uzuri wake: hazihitaji bando, na mtu akimaliza hakibaki kitu kwenye kisanduku cha ujumbe. Lakini hupatikana kwa mikataba na kampuni za simu na gharama ya kila mwezi. Kwa ukubwa wenu, bado.

Ningekuwa ninyi, ningeanza na namba moja ya simu ya kawaida, watu wawili waliofunzwa wanaopokezana, saa za kazi zilizotangazwa, na karatasi moja ya mahali pa kumpeleka mtu kwa kila tatizo, iliyohakikiwa kila mwezi kwa kwenda huko, si kwa kupiga simu. Mkihitaji fomu, KoboToolbox ipo, inafanya kazi bila mtandao, na fomu zake zinaweza kufungwa kwa ufunguo mnaoushika ninyi. Kila kisa kipewe namba ya kubahatisha isiyo na mtaa wala nchi ndani yake. Jina na simu vikae mahali pamoja, kisa mahali pengine, na anayeona vyote viwili awe mmoja au wawili. Picha za stakabadhi msiweke kabisa. Itazameni, andikeni "nimeiona", mrudishieni mwenyewe.

Visa vya vijana waliokamatwa ni kitu tofauti, na hapo msifanye haraka ya kufuta, maana huo ni ushahidi ambao mwenyewe anaweza kuuhitaji. Andikeni tarehe, saa, kituo, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), alikaa ndani muda gani. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kwa hiyo saa mnazoandika zina uzito. Picha na video asilia zihifadhiwe zilivyo. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake mahali na wakati ilipopigwa. Ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida habari hiyo huondoka, ikitumwa kama faili hubaki. Kwa mahakama mnaitaka ibaki. Kwa kusambaza mtandaoni mnataka iondoke. Na hizi rekodi zitengeni na za wakimbizi, jedwali mbali, watu mbali. Mkimbizi asije akaonekana mwanaharakati kwa sababu tu mlitumia faili moja kuokoa muda.

Mfadhili naye mwandikieni mapema. Mwambieni hamtatengeneza programu mwaka huu, mweleze sababu hizi, na mwombe fedha ziingie kwenye muda wa maongezi, posho ya wakalimani, mafunzo na saa kadhaa za wakili. Wafadhili wengine hupenda kitu cha kupiga picha na watajitoa; hilo linaumiza, na sitasema haliumizi. Wengine wakielezwa vizuri hukubali. Akitaka orodha ya wanufaika kama uthibitisho, jibu ni lile la naibu chifu: hesabu, majina hapana.

Kuna mambo ambayo kikundi chenu kisiyaguse peke yake. Mtu akitishwa kurudishwa kwao, au akiwekwa rumande kwa ajili ya stakabadhi, huyo ni wa wakili siku hiyo hiyo: Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria hufanya kazi hiyo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaostahili. Aliyebakwa haandikwi fomu kwanza, anapelekwa hospitali. Dawa za kuzuia HIV zina saa 72 tu, na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga ina kituo cha waathiriwa. Aliyeumizwa na polisi mpelekeni IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, au Tume ya Haki za Binadamu, zote zina ofisi Kisumu. Na Kamishna wa Data naye ana ofisi Kisumu. Nendeni na karatasi moja inayoeleza mnakusanya nini na kwa nini, muulize kama mnapaswa kusajiliwa. Wakiwaona mmekuja wenyewe hawatawala.

Moja zaidi, kwa kuwa watu wenu wanatoka Burundi, Kongo na Sudan Kusini, zote wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi ya Jumuiya kuachia hadhi yake kwa hiari na kukaa kama raia mwingine yeyote wa Jumuiya. Maneno hayo yakifika mtaani yatasikika kama njia ya mkato ya kibali cha kazi. Anayeachia hadhi ameachia na ulinzi ulioambatana nayo. Msimshauri mtu ndiyo wala hapana. Mpelekeni kwa wakili akaelezwe upande wote.

Na lile jina. Fikirieni kijana wa Sudan Kusini ndani ya matatu, kizuizi cha polisi, askari ameomba simu. Kwenye skrini, kati ya redio na kikokotoo, kuna picha ndogo imeandikwa "Mkimbizi Saidia". Hajaulizwa kitu, ameshajibu. Namba yenu hiyo ya simu wambieni waihifadhi kwa jina wanalolitaka wenyewe. Mmoja niliyewahi kumsaidia aliihifadhi "Fundi Viatu".